Mavuno ya Kwanza ya Joviana

Kwa mzee Datius wa Kamachumu, wilayani Muleba, sheria ilikuwa moja: mtoto akivuna kwa mara ya kwanza, baba ndiye wa kuonja kabla ya mtu mwingine. Yuster alileta maharage akiwa na miaka kumi. Mdogo wake Joviana, msomi wa familia, alichelewa mno, maana alichokuwa akiotesha Ujerumani hakikuwa na jani wala mzizi: utando wa boroni, unene wake atomu moja, juu ya kipande cha madini ya fedha kilichopashwa moto ndani ya chombo kisicho na hewa.

Siku utando uliposhika, Yuster akapiga simu: baba yao alikuwa mahututi. "Taata anaondoka. Kila saa anauliza mazao yako."

Joviana hakungoja hata kuupima. Akafungua chombo, akakifunga kipande kwenye leso, akaruka. Keshokutwa yake alishuka Bukoba, na gari likamkimbiza mpaka Kamachumu.

Mzee alikuwa amebaki mifupa na utani. Macho hayakuona tena. "Profesa! Umeleta, au umekuja na marashi tu?"

Joviana akakiweka kile kipande kiganjani mwake. Mzee akakipapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepima punje ya kahawa. "Mbona sisikii kitu?"

Yuster akamkonyeza Joviana: mwambie upo, yaishe. Lakini mzee huyu hakuwahi kudanganywa habari za shamba asijue.

"Utando umekufa, Taata. Hewa inauharibu. Ulikufa palepale nilipofungua."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa uliutolea nini, mjinga wewe?"

"Ulitaka kuushika."

Kidole kikasimama. "Kumbe nimekula mbegu," mzee alisema. "Njaa zote zilizonichapa, sikuwahi kula mbegu. Leo nimekula ya mwanangu."

"Nitaotesha mwingine, Taata. Kwanza nikuuguze."

"Wa kuniuguza yupo. Nenda. Na nikifa usije. Kaburi huchimbwa na jembe, si na profesa."

Joviana aliondoka akilia kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Wiki ya tatu tangu arudi Ujerumani, boroni ndiyo kwanza inaanza kushika, simu ikaita. Yuster alikuwa analia tu. Joviana akautazama mlango wa chombo. Akaukalia mkono wake usije ukaufungua. Kesho yake, wakati mzee Datius anashushwa ardhini kibanjani kwake, kati ya migomba yake, binti yake alikuwa bado kwenye kiti kilekile, macho mekundu, anaupima utando.