Siku ya Nne Baada ya Maziko

Mwaka 1995 kampuni moja ya kununua kahawa ilinituma Izigo, mkoani Kagera, kupima kama kompyuta zake mbili zingehimili msimu. Ya kwanza ilikaa ghalani kwenye mizani, na aliyeitumia aliingiza namba ya mkulima na uzito wa gunia. Ya pili ilichapa stakabadhi. Kazi yangu ilikuwa kuzitwisha mashine hizo mzigo mzito makusudi, kabla wakulima hawajazitwisha wao, na nilikuwa nimeandika mpango wa kurasa tisa ambao niliuona mzuri sana.

Mpango ulisema wakulima mia mbili kwa siku. Namba hiyo niliipata kwa kugawa mapokezi yote ya msimu uliopita kwa siku za msimu. Tungeandaa kadi mia mbili za bandia na kuingiza moja kila sekunde arobaini. Zikiisha bila mashine kukwama, ningetia sahihi na kurudi Mwanza.

Kwenye mizani alikuwepo Paskazia, ambaye sote tulimwita Mama Jovita, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyepokea kahawa tangu enzi za daftari. Alikuwa amekonda, na alivaa sweta hata jua la saa sita. Alisoma mpango wangu wote akiwa amesimama.

“Mia mbili ni uongo, mwanangu Datius,” alisema.

Nilimweleza maana ya wastani. Nilieleza vizuri, kwa mfano wa mikungu ya ndizi, na huenda nilieleza kwa majivuno.

“Waitu,” alisema, kwa neno la heshima la Kihaya, “nimekuelewa. Sasa na wewe nielewe.”

Akaleta daftari lake la mwaka uliopita. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na misalaba midogo ya wino mwekundu. Kila penye msalaba, siku tatu zilikuwa tupu, kisha ikafuata siku moja iliyojaa majina mpaka pambizoni, watu mia tano, mia sita.

“Msalaba ni maziko,” alisema. “Msiba ukiingia, nani abebe gunia apite nalo mbele ya wafiwa? Wanakaa matanga. Siku ya nne wanakuja wote.”

Niliona aibu, maana mimi ni mzaliwa wa Buganguzi, mkoa huohuo, na jambo hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Miaka ile misalaba ilikuwa mingi. Juni peke yake ilikuwa na mitano. Wastani wangu ulikuwa umechanganya siku tupu na siku zilizofurika, ukanipa kijiji kisichofiwa. Hata hivyo nilibisha. Fomu ya makao makuu ilitaka siku ya kawaida, na kupima watu mia sita kungekula mafuta ya jenereta ya siku nzima.

Ndipo aliponiambia wazi.

“Mimi naumwa. Unaona mwenyewe. Msimu huu sidhani kama nitaumaliza, na kampuni imekubali Jovita akae hapa nikiondoka. Yeye daftari halijui, anajua mashine tu. Siku ya nne baada ya kunizika watakuja hao mia sita. Mashine ikigoma watamtukana mtoto wangu, nami sipo wa kumsaidia. Nipimie siku hiyo.”

Ugonjwa hakuutaja jina, nami sikuuliza. Nilichana ukurasa wenye ile mia mbili.

Tuliandaa kadi mia sita na ishirini. Jovita, binti wa miaka ishirini na miwili mwenye vidole vyepesi, aliingiza namba. Mama yake alimpa kadi mojamoja, nami nilishika saa. Mia tatu za kwanza zilipita kama maji. Ya mia tatu arobaini na moja haikupita. Stakabadhi zilizosubiri kuchapwa zilikuwa zimelishikilia faili la siku, na foleni ilipozidi, mashine zote mbili ziliganda. Niliandika kwenye fomu kwamba mfumo umeshindwa, na meneja wa makao makuu akanikaripia kwa simu ya upepo mbele ya watu.

Nilikaa wiki tatu nikirekebisha programu ili uchapaji usizuie mizani. Tukapima tena, na kadi zote zilipita kwa saa saba kasoro dakika chache. Mama Jovita alitazama akiwa amekaa juu ya gunia, kwa kuwa kusimama kulikuwa kumemshinda.

“Sasa sawa,” alisema.

Alifariki Julai. Nilikuja kwa meli kutoka Mwanza kumzika, nikakaa matanga pamoja na wengine. Asubuhi ya siku ya nne nilikwenda ghalani. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Jenereta ilinguruma, karatasi zilikuwepo, mashine zilikuwa zimewashwa. Kiti cha mizani kilikuwa kitupu.

Jovita alikuwa nyumbani, kwenye mkeka wa msiba. Majirani hutoka siku ya nne. Mtoto wa marehemu hatoki. Tulikuwa tumepima kila kitu, mama, binti na mimi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba siku hiyo binti angekuwa mfiwa.

Nikakaa mimi.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja, Petronila. Gunia lake liliwekwa kwenye mizani, lakini namba hakuitaja. Alinishika mikono yote miwili.

“Pole, mwana wange,” alisema. “Huyu alikuwa mtu.”

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si wa ukoo ule, kwamba nilikuja kupima mashine tu. Lakini nyuma yake wengine walikuwa wameshavua kofia. Aliyekaa kwenye kiti cha marehemu ndiye wa kupewa pole.

“Tumeshapoa, waitu,” nilijibu, nikaomba namba.

Sekunde arobaini zikawa dakika nzima na zaidi. Mashine haikukwama hata mara moja. Ndiyo iliyotusubiri sisi. Karibu na mtu wa mia nne machozi yalinizuia kusoma kioo. Mkulima aliyekuwa mbele yangu alikaa juu ya gunia lake akanisubiri, na foleni yote ikasubiri.

Tulifunga saa moja jioni. Walikuwa mia sita na kumi na moja. Nilizima mashine, nikaenda msibani kumfikishia Jovita pole zake.