Chai ya Uzinduzi

Ndinda, mpishi wa shule, alikuwa anakwangua ukoko mweupe ndani ya sufuria kwa kisu, nao kila ulipobanduka ulivunjika vipande vyenye ncha. Nje ya jiko la shule, hapa Kanyangi, watu walikuwa wanasimamisha hema la kuzindulia kisima kipya.

"Afisa wa maji alituambia tuyachemshe maji ya kisima," alimwambia Munyao, mwalimu wa kemia, aliyekuja kuchukua uji wake. "Nachemsha mpaka kuni zinaisha. Yanazidi kuwa na chumvi."

"Yatazidi tu, mama. Maji yanaondoka na mvuke, chumvi inabaki. Sodiamu imetoa elektroni, klorini imepokea, sasa zinavutana kwa nguvu. Moto wako hauwezi kuirusha chumvi hiyo. Na ikishayeyuka ndani ya maji, hata uchuje kwa kitambaa gani, bado inapita."

"Na mkandarasi aliyechimba kisima alijua?"

"Maji yalipimwa kabla ya bomba kuwekwa. Walijua wote, yeye na kamati."

Ndinda aliweka kisu chini. Mbuzi wake walikuwa wameyakataa maji hayo. Watoto waliyanywa kwa sababu hawakuwa na mengine, wakashika matumbo darasani, na lawama zikaja kwa mpishi.

"Aliyetoa na aliyepokea wameshikana," alisema. "Sisi ndio tunakunywa."

Mutie, mwenyekiti wa kamati ya kisima, aliingia na katoni za maji ya chupa. "Chai ya mheshimiwa upike na haya. Ya bomba usiguse."

"Kwa nini, Mwenyekiti? Si hayo ndiyo anakuja kuyazindua?"

"Fanya kazi yako, Ndinda."

Akaifanya. Katoni aliziacha pale mlangoni bila kuzifungua, akaenda kujaza sufuria bombani. Alitia majani, maziwa na sukari kama siku zote, akapuliza moto hadi macho yakamwiva.

Chini ya hema, mheshimiwa alisema kwamba maji ni uhai, akapigiwa makofi. Kisha akanywa chai. Papo hapo akaitemea kwenye leso.

Mutie akasimama upesi. "Mpishi amekosea, mheshimiwa. Ametia chumvi badala ya sukari."

Wageni wakacheka. Ndinda akasogea hadi mbele ya meza.

"Sijatia chumvi," alisema, bila kupaza sauti. "Nimepika na maji mliyotuletea."

"Kesho usikanyage hapa," Mutie alimwambia huku ameuma meno.

Ndinda alifungua aproni, akaikunja, akaiweka kwenye kiti cha mwenyekiti. Alikuwa amegeuka kuondoka aliposikia benchi walilokalia wanawake likikwaruza. Kanyiva, mjane anayeuza mboga sokoni, alikuwa ameinuka. Alichukua kikombe mezani, akamwaga chai mchangani, akaenda kukijaza bombani. Alirudi polepole asimwage hata tone, akakiweka mbele ya mheshimiwa.

"Onja," alisema.

Mwanamke mwingine akainuka. Kisha mwingine, na yule aliyebeba mtoto mgongoni. Vikombe vilipokwisha walileta vifuniko vya chupa za chai, na bakuli za shule. Mpiga picha alishusha kamera yake. Meza ilijaa hadi ukingoni, maji yametulia, maangavu, turubai la bluu la hema likionekana ndani ya kila chombo, na mkono wa mheshimiwa ukiwa bado juu ya kitambaa cha meza, haujagusa hata kimoja.