Aliyemfukuza Fundi Mlangoni

Baba yake alipozikwa, Mwokaji hakwenda. Habari zilimkuta kiwandani, mikono imejaa unga, akaendelea kukanda. Kwake yeye baba alikwishakufa zamani, siku alipomfukuza kijana aliyekuja kumposa. Mama ndiye aliyemsimulia, wakilia pamoja kitandani: "Amemfukuza kama mbwa, mwanangu. Na kijana ameapa hatarudi." Mwokaji akafunga mizigo, akamuaga mama peke yake, akaenda kuanza maisha mji wa mbali.

Sasa mvi zimeanza kumtoka, na mdogo wake wa kiume akapiga simu. Mama amepasuliwa jicho, na mchana hakuna wa kumtilia dawa. Mwokaji akaomba likizo, akaenda.

"Nilijua utakuja," mama alisema, akimpapasa uso. "Mimi na wewe hatujawahi kukosana."

"Hatujawahi, mama."

Katikati ya juma friji ikaacha kupoza, na dawa yenyewe ilitakiwa kukaa kwenye baridi. Mdogo wake akamtuma fundi. Hodi ikapigwa, Mwokaji akafungua, na mtu mwenye begi la spana akabaki amesimama kizingitini. Upara ulikuwa umemnyemelea na tumbo limejitokeza, lakini bado aliinamisha kichwa upande kabla ya kusema, kama zamani.

"Kumbe upo," alisema.

"Ulitaka niwe wapi?"

Wakacheka, kila mmoja akitazama pembeni. Fundi akavuta friji kutoka ukutani, akachuchumaa nyuma yake. Mwokaji akamshikia tochi. Mkewe alikuwa amemwacha, Fundi alisema, kwa madai kwamba anaongea zaidi na mafriji kuliko na yeye.

"Alikusingizia?"

"Hata kidogo."

Mwokaji alihisi moyo ukilegea, akaogopa. "Baba angekukuta humu ndani leo," alisema, "sijui ingekuwaje."

Fundi akageuka. "Mzee? Mzee alikuwa rafiki yangu. Jeneza lake nimelibeba kwa bega hili."

"Si ndiye aliyekufukuza?"

"Siku ile mzee hakuwepo nyumbani, wala wewe. Mama yako ndiye aliyenipokea mlangoni. Alisema umeshaposwa, na wewe mwenyewe umemtuma aniambie nisikusumbue."

"Na ukaamini."

"Nani angedhani mama anaweza kumsingizia mwanawe?" Fundi akashusha sauti. "Mzee alikuwa akiniuliza kama najua kwa nini uliondoka. Alisema umemkimbia, na hajui amekukosea nini."

Mwokaji akaweka tochi sakafuni, akaingia chumbani. Mama alikuwa ameketi wima kitandani.

"Umetusikia."

"Nimepasuliwa jicho, si masikio," mama alijibu. "Ulikuwa mkono wangu wa kulia. Baba yako mtu wa safari, mdogo wako bado mtoto. Nilijiuliza, ukiolewa nitabaki na nani? Sikujua utaondoka vilevile."

"Na baba ukamwacha abebe mzigo wako. Kila nilipokupigia simu uliniambia hataki kusikia jina langu."

"Uongo ukishausema mmoja, mwanangu, lazima uutafutie wenzake."

"Amekufa akiniulizia, mama."

Mama akanong'ona, "Nisamehe."

"Lala chali. Saa ya dawa imefika."

Alimtilia matone, akamfuta shavu, akarudisha kifuniko cha jicho. Kisha akampigia mdogo wake kumwambia atafute mtu mwingine kuanzia kesho. Jioni mdogo wake aliporudi, Mwokaji alikuwa na begi mkononi.

Fundi alikuwa ameshamaliza friji, yuko nje akifunga vifaa vyake kwenye pikipiki.

"Nikupeleke wapi?"

"Kwa baba."

Makaburini Fundi alitangulia, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua njia. Akamwonyesha, akasogea kando. Mwokaji akapiga magoti kwenye majani. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, yote yakamtoroka.

"Shikamoo, baba," alisema, na akajikuta anasubiri marahaba.

Aliporudi kwa Fundi macho yalikuwa yamevimba. Fundi akamwuliza kama atarudi tena huku.

"Nyumbani kwetu, sijui," alisema. "Kwako nitakuja. Ila siku nyingine mtu akikuambia mimi nimesema kitu, njoo uniulize mwenyewe."