Gundi Iliyoshikwa na Baridi

Ijumaa ile Idalia Portillo alikwenda shule na fomu mkobani, na mama yake alikuwa ameshaitia saini. Ilikuwa karatasi moja tu, nyuma yake kutupu. Ilisema kwamba mwanafunzi huyu anajitoa kwa hiari yake katika mpango maalumu wa hisabati, sayansi na teknolojia, na kwamba kuanzia Jumatatu atasoma madarasa ya kawaida. Mwisho wa kuirudisha ulikuwa saa tisa alasiri, siku hiyo hiyo.

Mpango wenyewe wanauita Sumaku, kwa kuwa unavuta watoto wenye akili kutoka kila pembe ya wilaya. Umepewa ghorofa ya tatu ya Shule ya Sekondari ya Hollis Run. Shule ni ya serikali na haina ada, ila ghorofa ya tatu huipandi bila kufaulu mtihani. Wengi huja kwa basi la njano, mwendo wa saa nzima na zaidi. Idalia alikuja kwa miguu, kwao ni mtaa wa nne tu kutoka getini, na katika mtaa huo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzipanda ngazi zile. Siku majibu yalipotoka, mama yake, Nohemy, alipika pupusa, mikate ya mahindi ya kwao, za kulisha jengo zima wanamokaa.

Lakini kuingia ni jambo moja na kukaa ni jingine. Mtihani wa kwanza wa fizikia alipata arobaini na moja kwa mia. Wa pili, arobaini na nne. Wenzake walizitaja kanuni ambazo hajawahi kuzisikia, utadhani walizinyonya na maziwa ya mama. Na rafiki zake wa utotoni, waliosoma ghorofa za chini, walianza kumwita profesa na kumpisha kwenye meza ya chakula kwa mbwembwe. Akawa si wa juu si wa chini. Alilia sana mwezi ule, na akaomba fomu.

Mama yake alikuwa amemwambia, kalamu mkononi, "Nasaini kwa sababu umeniomba, mwanangu. Sijakuambia utoke." Baba yake, Wilfredo, fundi wa makabati ya jikoni, aliinuka kitini. Alikwenda kuosha brashi zake, na brashi zenyewe zilikuwa safi.

Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya kuvunja madaraja. Kila mwaka Mwalimu Abernathy huwapa wanafunzi wake vijiti vya mbao nyepesi na gundi, wawili wawili wajenge daraja. Kisha daraja huning'inizwa ndoo, ndoo ikamiminiwa mchanga mpaka daraja livunjike. Alama haziendi kwa daraja lililobeba mzigo mzito. Zinakwenda kwa wale walioandika ubaoni, kabla, uzito ulio karibu zaidi na ule uliolivunja. Daraja imara laweza kuwa bahati, Mwalimu husema. Yeye anataka wajue litavunjika lini. Ruhusa ya kubadili namba ipo mpaka mchanga uanze kumiminwa, mradi umkabidhi hesabu yako kwa maandishi.

Mwenzake Idalia alikuwa Sumedh Kulkarni, kijana mpole mwenye maneno mengi. Sumedh alikuwa amekipima kila kijiti kwa sehemu ya mia ya gramu, akapiga hesabu kurasa tisa, na ubaoni wakaandika kilo thelathini na sita nukta nne. Idalia ndiye aliyekata na kugundisha, kama alivyofundishwa na baba yake. Jumatano jioni Sumedh alilichukua daraja kwao likakauke mahali pasipo na mikono ya watu.

Sasa Idalia alilitoa kwenye boksi, akaligeuza kwenye mwanga. Kwenye viungo gundi ilitakiwa iwe angavu. Ilikuwa nyeupe kama chaki.

"Uliliweka wapi?"

"Gereji," Sumedh akasema. "Humo hakuna wa kuligusa."

"Gereji yenu ina joto?"

"Januari hii? Hata gari linatetemeka."

"Basi gundi imeshikwa na baridi. Haikushika mbao, imeganda tu. Baba alishabomoa makabati ya jiko zima la mtu kwa sababu hiyo. Anasema kiungo cha hivi kihesabie theluthi ya nguvu zake."

"Baba yako alipima?"

"Ana miaka ishirini kazini."

Sumedh alilitazama daraja, akazitazama kurasa zake tisa. Kurasa zile hazikuwa na gereji ndani yake. "Watatucheka mpaka tumalize shule," akasema kwa sauti ya chini.

"Litavunjika tu, Sumedh. Afadhali livunjike tukijua."

Madaftari yalikuwa yameshakusanywa, na Mwalimu alikuwa anatundika ndoo. Idalia akatia mkono mkobani, akatoa karatasi ya kwanza aliyoigusa, akaandika upande uliokuwa mtupu: viungo, mzigo wa kila kimoja, theluthi. Alimkabidhi Mwalimu, akafuta ile namba ubaoni na kuandika kumi na mbili nukta moja. Darasa lilicheka. Mmoja akauliza kama daraja hilo ni la sisimizi.

Mchanga ukamiminwa. Kwenye kilo kumi na moja nukta nane kiungo kimoja kilifumuka, na daraja lote likaanguka ndani ya ndoo, vijiti vyake vizima, hakuna hata kimoja kilichovunjika. Walicheka tena. Kisha likaja daraja lililobeba arobaini na moja, nalo liliandikiwa ishirini na tisa. Likafuata jingine, na jingine, na kicheko kikapungua. Hadi la mwisho linaanguka, hakuna waliokuwa karibu na namba yao kama Idalia na Sumedh.

Mwalimu Abernathy aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Akauliza theluthi imetoka wapi, na Idalia akamjibu kwamba kwa baba yake, fundi wa makabati. Mwalimu akakiri mbele ya darasa kwamba amefundisha madaraja miaka ishirini na sita na hajawahi kuwauliza gundi ililala wapi. Ndipo alipoigeuza karatasi.

Aliisoma fomu mpaka kwenye saini. Hakuitangaza. Alikwenda hadi mezani kwa Idalia, akainama.

"Karatasi hii ina pande mbili," akasema. "Nipokee upande upi?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo. Idalia alikuwa bado anaogopa. Arobaini na nne ya fizikia ilikuwa bado arobaini na nne. Lakini kulikuwa na kitu kilichokuwa kinamkera tangu alipoandika, na sasa kilimkera kuliko hofu.

"Upande wa hesabu, Mwalimu," akasema. "Ila ile theluthi ni ya kukisia. Jumatatu naomba tuipime."