Mpira wa Gesi Ndani ya Pochi

Bi Khatija Pyarali alikuwa mjane wa miaka sabini na mbili, na mtaani kwao Segerea ndiye peke yake mwenye jiko la gesi la kuchomea nyama, lile kubwa lenye kifuniko na magurudumu. Kuazimisha hakuwa na kinyongo. Masharti yake yalikuwa mawili tu: lisichomewe kitimoto, yaani nguruwe, na mwazimaji asikilize maelezo mpaka mwisho.

Jumapili asubuhi jirani yake Adelard, mwalimu wa fizikia, alikuja kuazima jiko. Binti yake alikuwa anapata kipaimara, na wakwe wa kutoka Bukoba walikwishafika. Sharti la kwanza alilikubali bila neno. Kuku wake walikuwa wamechinjwa na Mwislamu. La pili ndilo lililomshinda. Bi Khatija alipoanza tu habari za mtungi, akacheka.

"Mama, mie gesi naifundishaga darasani."

Bi Khatija hakubishana. Alimkaribisha ndani anywe chai, yeye mwenyewe akatoka uani, akafungua mpira wa gesi pamoja na regulata yake, akaukunja na kuutia kwenye pochi. Adelard akaondoka akisukuma jiko, mtungi ukiwa ndani yake, huku akipiga mluzi. Bi Khatija akaoga, akavaa gauni la sikukuu na bangili zake, akakaa kusubiri.

Saa saba akaja Tekla, mke wa Adelard. Akaamkia, akaeleza kwamba jiko limegoma, mkaa hawakununua, na wageni wana njaa.

Bi Khatija akachukua pochi, akamfuata hadi kwao. Adelard alikuwa akilizunguka jiko, shati limelowa jasho. Bi Khatija akautoa mpira polepole, akasema uzee umemsahaulisha. Alipomaliza kuufunga, Adelard akanyoosha mkono achukue kiberiti. Bi Khatija alikuwa amekwishakikalia. Akaagiza mtungi ufunguliwe na povu la sabuni liletwe, akamwambia alipake kwenye maungio. Vipovu vikaanza kututumka pale gesi ilipovuja.

"Mwalimu," baba mkwe akauliza kwa upole, "hivyo darasani mnaviitaje?"

Watu wakainamisha vichwa. Adelard akafunga mtungi, akaomba bisibisi, akakaza, akaufungua, akapaka tena povu. Likatulia. Hapo akataka kuwasha kifuniko kikiwa chini.

"Funua kwanza," Bi Khatija akamwambia. "Gesi ikijikusanya humo itakunyoa nyusi, na picha bado hazijapigwa."

Akafunua, akawasha, moto haukushika. Alipotaka kujaribu tena papo hapo, Bi Khatija akamfungisha gesi na kumsimamisha dakika tano, jiko wazi, ipepee ile iliyotoka. Akasimama kama mtoro aliyekamatwa, wakwe wakitafuna karanga. Mara ya pili moto ukawaka, wa buluu, na shangazi mmoja akapiga kigelegele.

Paja la kwanza alipewa Bi Khatija. Tekla akaketi karibu yake.

"Asubuhi nilikuwa dirishani, mama. Nilikuona na ule mpira."

Bi Khatija akalirudisha paja sahanini. Akamuuliza mbona hakusema.

"Miaka kumi na minne namwambia anisikilize," Tekla akasema. "Leo nikaona nipumzike."

Wakacheka mpaka bangili zikalia. Adelard akawasogelea, akainama, akauliza kwa sauti ya chini: wakimaliza, kinafungwa nini kwanza?

"Mtungi," Bi Khatija akajibu. "Moto umalize gesi ya kwenye mpira, ndipo ufunge koki ya jiko."

Adelard akashukuru, akaenda moja kwa moja kumweleza baba mkwe jambo hilo, kwa kirefu, kama mtu aliyelijua tangu chuo.