Aya ya Nne

Hayat alikifungua kile kikaratasi, akakisoma, akakikunja tena taratibu, kana kwamba maneno yaliyomo yangeona haya na kubadilika. Alipokifungua mara ya pili yalikuwa yale yale, kwa mwandiko wa duara wa Bi. Nthoki: "Vibanda vya chakula viondolewe kando ya barabara. Unga mkono."

Bi. Nthoki, mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu, alikuwa akipita kati ya madawati na kopo tupu la maziwa ya unga, kila mwanafunzi akitia mkono na kutoa mada yake. Kila mmoja angeandika hotuba na kuitoa darasani kwa alama za muhula. Wawili ambao wangetia fora wangezirudia siku ya wazazi, ukumbini, mbele ya mgeni wa heshima.

"Mwalimu, naomba kubadilisha," Hayat alisema.

"Kwa sababu gani?"

Hayat alitupa macho huku na huku. Nusu ya darasa lile ilipitia kwa mama yake kila jioni kununua viazi karai na bajia. Walijua. Lakini kulitamka jambo hilo mbele yao, akiwa amesimama, ulimi ulimgomea.

"Basi tu, mwalimu."

"Kutetea unalolipenda ni kazi nyepesi, Hayat. Nataka nikuone ukitoka jasho kidogo."

"Usijali," Mumin, aliyeketi nyuma yake, alimnong'oneza. "Mimi nimepata hiyo hiyo, ila napinga. Mathe wako nitamtetea mimi."

Hayat akakitia kikaratasi mfukoni.

Mama yake, Fatu, alikuwa na kibanda chake mtaa wa Majengo, Nairobi, kwenye kona iliyotazamana na msikiti. Tangu baba yake Hayat ahamie Mombasa na kuoa mke mwingine huko, karai lile la mafuta ndilo lililowalisha, likawavisha na kumpeleka Hayat shuleni. Habari hazikawii Majengo. Jioni ile ile, kabla Hayat hajavua hata mkoba, Fatu alikuwa tayari amezipata.

"Nasikia mna mashindano ya kusema," alimwambia huku akigeuza bajia kwa kijiko cha matundu. "Wewe utasema nini?"

"Mambo ya biashara za mtaani, Mama."

Fatu akainua uso, umelowa jasho na furaha. "Alhamdulillahi! Angalau sasa yuko wa kutusemea."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema ukweli. Lakini mteja akaomba ukwaju zaidi, mwingine akaja na mtoto anayelia, na wakati ukapita. Kesho yake Hayat alimsikia mama yake akimwambia muuza machungwa kwamba binti yake angesimama mbele ya wakubwa awatetee. Keshokutwa yake kona nzima ilikuwa inajua. Kila siku iliyopita bila Hayat kufungua kinywa ilifanya kufungua kwa siku iliyofuata kuwe kugumu zaidi, mpaka ikawa anaingia nyumbani kama mgeni, anaosha vyombo ambavyo hakuombwa kuviosha, na kuitika "Naam, Mama" kwa unyenyekevu uliomshangaza Fatu.

Nakala ya kwanza ya hotuba ilirudi ikiwa na wino mwekundu mchache sana.

"Sarufi safi," Bi. Nthoki alimwambia, wakiwa wawili tu katika chumba cha walimu. "Hoja zimepangwa kama vikombe kabatini. Msongamano, moshi, taka kwenye mitaro. Lakini nimesoma nikipiga miayo. Mtu yuko wapi humu? Ni nani aliyeumia? Mlete nimwone."

Hayat alimjua aliyeumia.

Karibu na kibanda cha Fatu, Habibo alitandaza mkeka wake wa kuuzia dera na shungi. Wazazi wake walikuja kutoka Somalia wakikimbia vita. Yeye alizaliwa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Majengo hasa. Alikuwa na mtoto wa kike, Iqra. Mwezi wa Ramadhani mwaka uliopita, jua likikaribia kuzama, watu walikuwa wamesongamana kibandani wakiwahi futari. Mmoja alisukuma, mwingine akasukumwa, jiko likayumba, na Iqra, aliyekuwa akikimbiza paka, akawa papo hapo mafuta yalipomwagika. Mkono wake wa kushoto uliungua kuanzia kiganjani hadi kiwikoni. Fatu ndiye aliyembeba mbio hadi hospitali, miguu mitupu. Alipojaribu kuomba radhi, Habibo alisema neno moja tu: "Kadari." Baada ya hapo walikopeshana chumvi, waliangaliziana bidhaa, walisalimiana asubuhi na kuagana jioni, na habari za siku ile hakuna aliyezigusa. Fatu alizungushia jiko kreti za soda pande zote. Hiyo ndiyo iliyokuwa lugha yake.

Hayat aliandika aya ya nne mara moja, bila kufuta. Hakutaja majina. Aliandika harufu, yowe, kimya kilichofuata yowe, na mkono mdogo uliokuwa ukimtafuta paka. Alipomaliza aliirudia kuisoma, akagundua kwamba alikuwa anafurahi. Hilo lilimtisha kidogo, lakini halikumzuia. Alibadilisha "mkono" kuwa "kiganja", kwa kuwa kiganja kilikuwa kidogo zaidi na kiliuma zaidi. Akatafuta mahali pa kupumua. Akajaribu kuishusha sauti katika sentensi ya mwisho, akaona inafaa.

Bi. Nthoki alipoisoma alivua miwani. "Hii itawaliza watu," alisema. Darasani iliwaliza wawili. Hayat na Mumin wakachaguliwa.

Alijiambia kwamba hakuwa amemtaja mtu. Alijiambia pia kwamba mama yake hangekuja. Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Lakini Ijumaa alipofika nyumbani alikuta buibui jipya la Fatu limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi.

"Mama, kesho utafunga? Na wateja?"

"Wateja watakula kwao. Mwanangu anasema mara ngapi mbele ya watu?"

"Ni dakika chache tu, Mama. Nitakuja kukusimulia."

Fatu aliligusa buibui. "Hutaki nije?"

"Nataka," Hayat alisema, akainama kuvua viatu.

Ukumbi ulijaa mapema. Mabati ya paa yalikuwa yameanza kulia kwa joto, na kipaza sauti kilikoroma kila kilipoguswa. Mumin alitangulia. Aliwachekesha wazazi kwa kumwigiza mfanyakazi wa ofisini aliyeapa kutokula vyakula vya barabarani, akabanwa na njaa na kujificha nyuma ya nguzo kula soseji ya smokie. Watu walipiga makofi. Hayat, akiwa ameketi jukwaani, alipapasa safu za viti kwa macho, akamwona mama yake katika safu ya tatu. Fatu hakuja peke yake. Kulia kwake alikuwa Habibo, na mapajani mwa Habibo Iqra, amevaa gauni la mikono mirefu katika joto lile.

Jina lake likaitwa.

"Mgeni wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wapendwa na wanafunzi wenzangu." Sauti yake ilitoka safi, naye akashangaa. "Nimesimama mbele yenu kuunga mkono hoja kwamba vibanda vya chakula viondolewe kando ya barabara."

Fatu alikuwa anatabasamu. Aliendelea kutabasamu sentensi moja zaidi, mbili zaidi, tabasamu la mtu aliyelisahau usoni. Kisha akageuka kumtazama Habibo, kama anayeuliza iwapo wote wawili wamesikia kitu kimoja. Muuza machungwa, aliyekuwa safu ya nyuma yake, aliinama akamsemesha begani. Fatu aliiweka mikono yake juu ya mapaja na kuitazama.

Hayat alipita aya ya kwanza. Alipita msongamano, akapita moshi. Maneno yalitoka yenyewe, yamekaririwa barabara, na hilo ndilo lilikuwa baya. Hakukuwa na mahali pa kujikwaa. Mgeni wa heshima alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Aya ya tatu ikaisha. Hayat akavuta pumzi pale alipokuwa amejizoeza kuvuta pumzi, akashusha mabega kama alivyojizoeza kushusha, akafungua kinywa.

Iqra alikuwa anamtazama. Alimtambua dada wa kibandani, akampungia mkono wa kulia.

Ukumbi ulingoja. Kikohozi kikatoka mahali. Mtu akasogeza kiti.

Kutoka pembeni mwa jukwaa, Bi. Nthoki, mwenye nakala mkononi, alinong'ona, "Jioni moja ya Ramadhani."

Hayat aliendelea kumtazama Iqra.

Bi. Nthoki alidhani hajasikika. Akasogea, akapaza sauti, na kipaza sauti kikaidaka: "Jioni moja ya Ramadhani, mtoto wa kike..."

Fatu akainua kichwa. Habibo hakusogea, ila mkono wake ulishuka polepole ukafunika mkono wa gauni la mwanawe.

"Nimesahau, mwalimu," Hayat alisema.

Nyuma wakacheka. Bi. Nthoki alimkazia macho, kwa kuwa alijua kwamba msichana yule hakuwahi kusahau hata nukta. Hayat akarukia aya ya mwisho, akaisema bila kupanda wala kushuka, akashukuru, akaketi. Makofi yalikuwa ya adabu. Mumin akapewa kamusi na mgeni wa heshima, wakapigwa picha, na Hayat akapiga makofi pamoja na wengine hadi viganja vikamwasha.

Nje, Fatu alikuwa amesimama kivulini mwa ukuta wa maktaba.

"Ulipewa upande huo?"

"Nilipewa, Mama."

"Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi hao wanaosema tuondolewe huwasikia kila siku." Fatu alirekebisha buibui lililokuwa halina kasoro. "Nimewaambia watu utatusemea, Hayat. Nimemwita mpaka muuza machungwa."

Wazazi walipita wakisalimiana. Fatu akasubiri wapite, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile ya Ramadhani? Uliiandika?"

"Niliiandika."

"Mama Iqra amesikia."

Habibo alikuwa anakuja, akimwongoza Iqra kwa mkono. Fatu alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ukuta. Habibo alisimama mbele ya Hayat, si kwa hasira, na kutokuwa na hasira kwake kulikuwa kuzito kuliko makelele.

"Huyo mtoto wa kike ni huyu wangu?"

"Ndiyo, Mama Iqra."

"Mbona ulinyamaza?"

"Niliwaona."

"Na kama tusingekuwepo?"

Hayat aliona jibu zuri likija, laini, lenye majuto ya kutosha. Alikuwa na kipaji cha majibu kama hayo. Aliliacha lipite.

"Ningesema," alijibu. "Yote."

Habibo aliinamisha kichwa polepole. "Haya," alisema hatimaye. "Hilo angalau ni la kweli."

"Mama Iqra," Fatu alidakia, na sauti yake ikakwaruza kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. "Siku ile mimi... jiko lile nililiweka..."

"Najua ulivyoliweka, Mama Hayat. Nilikuwepo." Habibo alimshika kiwiko. "Twende tukatafute maji ya kunywa. Utaniambia njiani."

Kabla hawajaondoka alimgeukia Hayat. "Muhula ujao huyu anaanza shule. Hataki. Anasema watoto watamwuliza. Mimi nimemaliza maneno. Wewe unayo mengi, kaa naye."

Wanawake wale wawili wakaelekea kwenye mfereji wa maji, kichwa cha Fatu kimeinama, mkono wa Habibo ungali kiwikoni mwake. Hayat akabaki na mtoto. Iqra alikuwa akivuta mkono wa gauni hadi ukafunika vidole.

"Wakiniuliza mkono umefanya nini, niseme nini?"

Sentensi zilimjia Hayat, tatu au nne kwa pamoja, zote zimenyooka. Akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Wewe unataka wajue nini?"

Iqra hakuwa ameulizwa hivyo na mtu yeyote. Alikunja uso, akatazama viatu vyake, akatazama watoto wakubwa waliokuwa wakikimbizana uwanjani. Alianza kusema kitu, akakiacha. Hayat akaketi kabisa chini, sketi yake ya shule juu ya vumbi, akangoja.