Kinu Kilichokaa Mlangoni

Usiku wa jana niliota nikiwa na hasira zangu zote, maana nililala nazo.

Sababu yake ni hii. Nina kipande cha programu nilichokiandika miaka sita iliyopita, mistari arobaini tu. Kinachukua saa za kompyuta na kuzisema kama tunavyozisema sisi: saba ya asubuhi inakuwa saa moja. Nilikitoa bure kwa kiunzi kiitwacho Jamvi. Huko kila mtu huleta kipande chake, na anayetengeneza programu huchukua vya wenzake akavipanga. Jana msimamizi wa Jamvi, Bwana Festo Mlaki, aliniandikia: "Dada Rukia, hakuna aliyeorodhesha kwamba anakihitaji kipande chako. Kesho kinaondolewa." Nilimjibu kwa matusi madogo, nikalala.

Basi ndotoni niko kwenye ua wa ofisi ya Jamvi, asubuhi, kuna foleni. Kipande changu kimo kwenye foleni, nacho ni kinu. Sikushangaa. Nilikijua kama mtu anavyomjua mwanawe, hata ule ufa wa ubavuni ni kosa langu la mstari wa kumi na tisa.

"Umechelewa," kinu kikasema.

"Nilikuwa nimelala."

"Bado umelala. Shika foleni."

Mlangoni wamesimama mkebe na mfuniko wake. Mkebe hauingii bila mfuniko, na mfuniko hauingii bila mkebe. "Tangulia mwenzangu." "Hasha, tangulia wewe." Wana adabu sana. Wako hapo tangu toleo la pili la Jamvi. Tukapenya katikati yao.

Ndani, nyuma ya meza, limekaa chekeche lililovaa tai. Sauti yake ni ya Bwana Mlaki. Mbele yake kuna daftari kubwa.

"Kanuni ni moja," likasema. "Anayekitegemea kitu, akishike na aandike jina. Kisichoshikwa kinapita kwenye matundu yangu."

Kweli, kila programu iliyokuwemo imemshika mwenzake. Kibanda cha tiketi kimeshika kiuno cha Kalenda. Kengele ya shule imemshika Kalenda mkono. Zahanati nzima, na bati lake na bango lake, ikajifuta miguu, ikaingia, ikamshika Kalenda upindo wa kanga. Kinu changu hakikushikwa na yeyote.

"Zahanati," nikasema, "saa za kliniki unazitoa wapi?"

"Kwa Kalenda."

"Na Kalenda anazitoa wapi?"

Zahanati ikatazama pembeni. "Mambo ya jikoni kwa jirani sisi hatuulizi."

Kalenda ni mama mnene wa kurasa kumi na mbili. Nikamgeukia yeye.

"Kinu? Kipo tu uani," akasema. "Mimi nakiazima, wao wanakuja kuazima kwangu. Mambo ya kuandikiana ya nini, mwanangu? Si tunaishi mtaa mmoja?"

Hapo hasira ikanipanda hadi utosini. Ndivyo tulivyo. Kinu cha mtu kinazunguka mtaa mzima kwa jina la jirani, na siku mwenyewe akipata shida, hakuna anayekumbuka kwamba kina mwenyewe.

"Kisamvu mnakula," nikawaambia, "kinu kilichotwanga hamkijui!"

"Hakijaandikwa," likasema chekeche. "Kipite."

"Hakipiti. Kinatoka na mimi."

Nikajitwika, nikatoka. Nilipovuka kizingiti nikajikuta kwenye benchi la zahanati, jua la utosi. Akina mama wamejaa, watoto migongoni. Kila mmoja ana ujumbe kwenye simu: chanjo, saa 7. Wamekuja saa saba mchana. Muuguzi alikaa tangu saa moja asubuhi akiwasubiri, akafunga sanduku la barafu, akaondoka.

Mama mmoja akakitazama kinu kichwani kwangu. "Wewe ndiye uliyeondoka nacho?"

"Hawakunitaja."

"Surua ikija, itauliza nani alitajwa?"

Akanigeuzia mgongo nimwone mtoto. Mtoto akanitazama, akasema kwa sauti nzito, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba. Niliona aibu, nikasema wazi kwamba naona aibu.

"Vizuri," akasema yule mama. "Sasa kirudishe. Lakini usirudi kwa kuombaomba, nitakufuata nikuone."

Nikarudi. Nikakitua kinu katikati ya mlango wa ofisi, nikakaa juu yake, nikakunja mikono.

"Dada, unazuia kazi," likasema chekeche.

"Kama hakihitajiki, kirukeni."

Kalenda akajaribu, Machi na Aprili zikachanika. Zahanati ikajaribu, bati likagonga fremu. Kinu kikacheka chini yangu, nikakiambia kitulie.

"Ondoka hapo," likasema chekeche. "Ofisi inafungwa saa tisa."

"Nani amekwambia saa tisa?"

Likatazama saa yake ya mkononi. "Hii hapa."

"Hiyo imeandikwa tatu. Tisa umeitoa wapi?"

Hata mkebe uliacha kusema tangulia. Chekeche likaigeuza saa juu chini, likaitikisa, likaisogeza sikioni.

"Kwa Kalenda," likasema polepole.

"Na Kalenda?"

Kalenda akakinyooshea kinu kidole.

"Daftari liko mbele yako," nikasema. "Kalamu unayo. Mimi sitoki hapa hata mnikodolee macho mwaka mzima."

"Kanuni haimruhusu msimamizi kuji..."

"Andika."

Likaandika jina, jasho likitoka kwenye matundu yote. Kalenda akafuata, amenuna. Zahanati ikasema haijui kuandika, na yule mama wa benchini akaishika mkono, wakaandika pamoja, herufi kubwakubwa.

"Na kwenye safu ya sababu?" likauliza chekeche.

"Sema ukweli wako," nikasema, na hapo hapo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilichukua simu kabla ya kunawa uso, nikafungua ukurasa wa kipande changu. Jana wanaokihitaji walikuwa sifuri. Leo kuna mmoja: Festo Mlaki, jina limeingizwa alfajiri. Mbele ya sababu ameandika neno moja tu: "Nimelazimishwa."

Nikamjibu: "Waite na wengine. Bado nimekaa."